Chelo Iliyopakwa Rangi ya Mashua

Miaka ya tisini nilikuwa na bendi ya roki isiyo na gitaa hata moja. Nikiwaambia vijana hivyo leo, wananitazama kama mtu aliyesema alifuga ng'ombe wa kupanda miti. Tulikuwa wanne. Mimi nilipiga fidla. Fidla ya pili ilikuwa ya fundi cherehani wa pale Homa Bay, Msabato asiyecheza na Sabato yake. Ngoma zilipigwa na mchomelea vyuma kutoka Migori, Mkuria mwenye mikono mipana kama makasia. Na chelo, ile fidla kubwa ambayo mtu huicheza akiwa ameketi, ameibana kwa magoti, ilikuwa mikononi mwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa Rusinga. Yeye alitushinda sote watatu, na sote watatu tulijua.

Vyombo vya nyuzi tuliachiwa na padre mmoja aliyetufundisha muziki sekondari. Alitufundisha nyimbo za kupigwa sebuleni, wasikilizaji wameketi wima na kunyamaza. Alipohamishwa, sisi tukafunga vipande vya kunasa sauti kutoka simu mbovu za mezani ndani ya vile vyombo kwa raba ya tyubu, tukaviunganisha na spika na betri ya gari, na sebule ikaishia hapo. Chelo ilinguruma hadi vikombe vikatembea mezani.

Watu hawakututaka. Homa Bay nzima ilitaka benga, na benga ni gitaa. Walituita orutu za wazungu, wakimaanisha ile fidla ya Wajaluo yenye uzi mmoja, ambayo wazee wao waliipiga vizuri kutuzidi. Kwenye harusi moja, baada ya nyimbo tatu, mama mmoja alinijia kwa upole akaniuliza tutamaliza lini kukaza nyuzi ili muziki uanze. Tena harusi nyingi zilikuwa Jumamosi, na fundi wetu hangegusa fidla kabla jua halijazama. Alisimama nje na chombo kwapani akitazama upande wa magharibi, nasi ndani tukipiga wimbo wenye pengo katikati, kama mdomo uliong'olewa jino.

Mahali pekee tulipopendwa ni Osiri, kwa wachimba dhahabu. Walitoka mashimoni wakiwa weupe kwa vumbi, wakaketi juu ya magunia ya mawe, wakadai wimbo uleule mara tano. Mmoja wao alimwambia mwalimu, "Madam, hiyo kubwa inapiga mpaka kwa tumbo." Mwalimu alicheka hadi akakosea noti, na kwake hilo lilikuwa jambo la nadra.

Huko Osiri ndiko alikotusikia mtu wa studio kutoka Kisumu, aliyekuwa amemtembelea ndugu yake. Alisema angekuja Homa Bay Jumapili ya pili kutoka siku hiyo na mashine yake ya kurekodi. Magitaa, alisema, ameyarekodi hadi yamemchosha. Alitaka chelo. Tulipofika mjini mwalimu akaniambia kwamba mama yake kule Rusinga hajawahi kuelewa ni nini anachofanya na lile sanduku kubwa. Sasa angempelekea kaseti, aiweke kwenye redio yake na asikie mwenyewe.

Basi nije kwangu mimi. Bendi ilikuwa yangu kwa maana ya kwamba mimi ndiye niliyejiita kiongozi. Nilianza kuwaza jinsi tutakavyoonekana. Mgeni anatoka Kisumu, nasi tunamwonyesha chelo iliyochakaa, yenye mikwaruzo na ufa mdogo ubavuni? Nikamwambia mwalimu anipe chelo niipeleke ule ufa uzibwe kwa gundi. Alinipa, akaniomba niilaze chali, nisiisimamishe.

Niliipeleka ufuoni kwa fundi wa mashua. Ufa aliuziba kwa dakika chache. Mimi nikabaki pale nikitazama mashua zake mpya, buluu na nyeupe, kila moja na mstari mwekundu ubavuni, zikimetameta juani. Nikamwambia aipake chelo vivyo hivyo.

Fundi aliizunguka chelo mara mbili. "Omera, ndugu yangu," akaniuliza, "hii ni ya kuimba ama ya kuelea?"

Nikamwambia apake tu. Akapaka. Nikaona rangi ni nyepesi, nikamwomba apake mara ya pili. Ule mstari mwekundu niliuchagua mimi, na nikashika kamba wakati anaupima ili unyooke. Sikugusa nyuzi kuisikia. Nilitaka iwe zawadi ya kushtukiza, nikaifunika kwa shuka hadi Jumapili.

Jumapili mchana, ukumbini, mgeni akiwa ameshapanga mashine yake, nilivuta shuka. Mchomelea vyuma alisema ni maridadi. Fundi cherehani akatazama viatu vyake. Mwalimu aliketi, akaweka upinde juu ya nyuzi, akavuta.

Ilitoka sauti ya mtu anayezungumza akiwa amejifunika blanketi. Akavuta tena. Rangi ya mashua ni nzito, imetengenezwa kuzuia maji yasipenye, na kumbe huzuia na sauti. Mti ule haukuweza tena kutetemeka. Mgeni alijaribu kusogeza vipaza sauti huku na huku kwa nusu saa, kwa adabu nyingi, kisha akakunja waya zake. Kabla ya jioni alikuwa anarekodi kikundi cha benga mtaa wa pili.

Mwalimu aliniuliza imekuwaje. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo rangi si kitu mbele yake. Nilisema ni fundi wa mashua. Nilisema nilimwachia aweke gundi, naye akapaka kwa kujitakia. Mwalimu akashuka ziwani palepale na gauni lake la Jumapili kumkabili. Nilibaki ukumbini nikizungusha waya mkononi, nikijua atakachoambiwa.

Aliporudi hakupaza sauti. "Amesema wewe ndiye ulishika kamba," akasema. Akaibeba chelo yake, akaenda. Muhula uliofuata alikuwa amehamia shule moja huko Magunga, na bendi ikafa bila mtu kutangaza kifo chake. Hakuna mahali popote muziki ule ulipohifadhiwa. Benga ya mtaa wa pili bado inasikika redioni mara mojamoja, na ni nzuri.

Ilinichukua karibu mwaka kwenda Magunga. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya walimu, chelo imelazwa chali juu ya meza, yeye akikwangua rangi kwa kipande cha chupa, polepole, asiumize mti. Upande wa mbele alikuwa ameumaliza. Nilimwambia yote kama nilivyoyaandika hapa. Nilisema nilimdanganya na kumsingizia mzee wa watu, na kwamba mama yake amekosa kaseti kwa sababu yangu. Akaendelea kukwangua. Kisha akafuta vumbi, akaisimamisha chelo, akapiga kipande kifupi. Sauti ilikuwa imerudi, si yote, ila ilikuwa yake. Akaniambia kwamba mama yake alikuja wakati wa likizo, akaketi palepale kwenye kiti akamsikiliza akipiga, kisha akauliza kama huwa inachosha mkono.

Nikamwomba msamaha. Akanyoosha mkono, akanipa kipande cha chupa.

"Nyuma bado ni buluu," akasema. "Na usikazie sana."

Nilikwangua hadi kengele ya jioni ikalia, naye ameketi kando akisahihisha madaftari, mara kwa mara akiniambia nilipoacha doa.