Neno Pembeni mwa Jina

Kwa Kisukuma, mwanamume ni ngosha. Neno hilo hilo likitamkwa kwa sauti ya juu na kwa furaha humsifu mtu yeyote aliyefanya jambo kwa nguvu, awe mzee, mtoto au mwanamke. Majirani walimwita mama yangu ngosha kila alipomaliza kupalilia pamba kabla yao, na hakuna aliyeshangaa. Ninalieleza hili mwanzoni kwa sababu karani aliyeandika mambo ya siku ile pale Shinyanga alikuwa mtu wa pwani. Alijua maana ya kwanza tu, wala hakuuliza kama kuna nyingine.

Nilikuwa mwanafunzi wa bweni katika shule ya wasichana. Katika michezo ya wilaya niliwaacha wenzangu wote katika mbio fupi. Nilipogeuka kutazama nyuma, aliyenifuata alikuwa bado anakuja. Uwanja mzima ukapaza sauti: "Ngosha! Ngosha huyo!" Walikuwa wananishangilia. Karani, ambaye wajibu wake ulikuwa kumwandalia Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, taarifa, aliandika kwamba watazamaji walilalamika kuwa mshindi ni mwanamume.

Baadaye nilifanya kazi ya masijala kwa miaka mingi, na ninajua kosa linavyonenepa likishapewa jalada. Mamia ya watu walikuwapo uwanjani na wangeweza kulisahihisha. Hakuna aliyeulizwa. Iliulizwa taarifa.

Habari zilitoka bomani zikafika sokoni. Nilipokwenda bombani kuteka maji, wanawake waliweka ndoo zao chini.

"Hebu geuka tukuone, binti."

"Mwacheni jamani, huyo akiolewa atamposa mumewe!"

"Wewe cheka tu. Mwanangu alishindana naye. Je, kama ni kweli?"

Niliwaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba, kisha wakaendelea kunitazama kifuani. Siku moja wachimba dhahabu waliokuwa wakipita na lori kutoka Geita waliteremka langoni mwa shule wakaomba waonyeshwe "yule wa mbio". Mlinzi alinionyesha kwao kwa kidole. Walinitazama kama watu wanaotazama ng'ombe mnadani, wakabishana kidogo, wakapanda lori lao. Sikuona hasira wala aibu. Niliendelea kufagia.

Nilichokitaka kilikuwa kimoja: kukimbia Mwanza katika mashindano ya jimbo, kama alivyokimbia msichana mwingine yeyote aliyeshinda wilayani kwake. Barua ikaja kusema kwamba sitakwenda mpaka nipimwe na mganga wa hospitali.

Nilipimwa. Sitaeleza zaidi ya haya: chumbani walikuwamo watu wanne, na wawili kati yao hawakuwa na kazi yoyote mle ndani. Nilitazama dari mpaka nikaambiwa nivae.

Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke mwema, na alidhani ananisaidia. Asubuhi tulipopanga mistari alisoma barua ya mganga mbele ya shule nzima: aliyepimwa ni mwanamke. Wasichana wakapiga makofi. Nilisimama katika mstari wangu nikipigiwa makofi kwa jambo ambalo kila mmoja wao alizaliwa nalo.

Baba, aliyekuwa akisukuma vigari vya mawe katika mgodi mmoja huko Geita, aliomba ruhusa akaja. Tuliketi kwenye ngazi za bweni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu." Aliniita hivyo, mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. "Wamekuumiza?"

"Hapana."

"Kule mgodini wananiuliza kama nilizaa mtoto wa kiume nikamficha. Nawaambia, ningekuwa naye ningemleta asukume vigari, nipumzike mimi." Alicheka peke yake. "Bado unataka kwenda?"

"Ndiyo, baba."

"Basi nenda. Karatasi imekwisha kusema."

Tulikwenda Mwanza kwa treni, mimi na mwalimu wa michezo. Uwanjani kulikuwa na meza chini ya turubai, na kila mkimbiaji alipaswa kutia sahihi mbele ya jina lake kabla ya kuingia mstarini. Juu ya orodha yetu paliandikwa "Wasichana". Chini yake yalifuata majina na shule. Pembeni mwa jina langu, na langu peke yake, paliongezwa kwa wino mwekundu: *mwanamke, imethibitishwa*.

Nilimwomba mwandishi wa meza alifute.

"Nifute nini?"

"Maneno haya. Orodha ni ya wasichana. Wengine hawakuandikiwa."

"Binti, haya yanakulinda. Mtu akisema neno, namwonyesha hapa."

"Tafadhali, mzee, yafute, au uwaandikie wote."

Alicheka, akawatazama wenzake. "Wote! Niwathibitishie nini hao? Tia sahihi, wanakusubiri."

Mwalimu wangu aliniinamia akaninong'oneza kwa Kisukuma kwamba ni maneno mawili tu, na kwamba baada ya mbio hakuna atakayeyasoma. Nilijua kwamba yatasomwa. Neno moja la karani lilikuwa limesomwa na wilaya nzima.

Niliweka kalamu mezani. Nilisema kwamba nitatia sahihi yakishafutwa. Mwandishi alisema hana mamlaka ya kufuta kilichotoka Shinyanga. Mwenye mamlaka alikuwa ameketi jukwaani na wageni. Mwalimu alikimbia kumtafuta.

Kabla hajarudi, wasichana walikwisha kuinama mstarini. Njia ya tatu, iliyokuwa yangu, ilikuwa tupu, chokaa yake haijakanyagwa. Bastola ililia, wakaondoka. Nilisimama mbele ya meza, mikono nyuma, hadi mwandishi alipovuta orodha kwake, akachukua wino mwekundu, na kuandika mbele ya jina langu: *hakufika*.