Watu Kumi kwa Mesodi

Saa tano asubuhi, mkesha wa Siku ya Upatanisho, Perla Dadon alikuwa amepata wanaume saba, naye alihitaji kumi.

Aliwahesabu tena pale langoni mwa makaburi ya mji wa Yeruham, kana kwamba kuwahesabu kungewaongeza. Wanne aliwatoa kwenye sinagogi lake, watatu aliwaokota kwenye makaburi ya jamaa zao. Jua la jangwani lilikwishaanza kuuma. Kila mmoja alikuwa akitazama simu yake, maana nyumbani kuku wa mlo wa mwisho kabla ya mfungo alikuwa jikoni, na mashati meupe hayajapigwa pasi.

"Mama Dadon, tuanze basi," alisema mmoja. "Mungu anajua kuhesabu. Sisi saba tuna uzito wa kumi."

"Wewe una uzito wa watatu, hilo kweli," mwenzake akamjibu. "Lakini sheria inahesabu vichwa, haihesabu matumbo."

Perla hakucheka. Tangu utotoni alijua kwamba Siku ya Upatanisho hufuta makosa ya mtu kwa Mungu wake. Ya mtu kwa mwenzake haiyagusi mpaka mwenzake aridhike. Na mwenzake akifa? Unamfuata kaburini na wanaume kumi, ukasema mbele yao ulilomtenda. Mesodi Elharar alikuwa amelala humo tangu majira ya kuchipua, na jua likizama leo mlango ungefungwa kwa mwaka mwingine. Perla alikuwa na miaka sitini na sita na moyo usiopiga sawasawa. Mwaka mwingine hakuuamini.

Kosa lenyewe lilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Perla na Mesodi walipika pamoja katika jiko la shule moja pale mjini. Siku moja Perla, akiwa na haraka, alichota kijiko kikubwa kutoka upande wa vyombo vya maziwa akakorogea sufuria ya supu ya nyama. Sufuria nzima ikamwagwa, maana kwa sheria yao maziwa na nyama havikutani. Mzee Hanania Turjeman, msimamizi wa sheria za chakula, alipouliza ni nani, ulimi wa Perla ulitangulia akili: "Zamu ilikuwa ya Mesodi." Juma lililofuata Mesodi aliachishwa kazi. Akaishia kupiga deki ofisi za watu mpaka magoti yakamkataa. Nani alimtaja, hakuambiwa kamwe.

Si kwamba Perla hakujaribu. Kila mwaka, mkesha kama huu, alimpigia simu.

"Mesodi, nataka kukuomba radhi, kuna jambo..."

"Nimekusamehe, roho yangu! Yote, yote! Na wewe unisamehe. Nina watu thelathini wa kuwapigia bado. Mfungo mwema!"

Na simu imekatwa. Miaka kumi na miwili, simu kumi na mbili. Mwaka mmoja alimwendea hadi mlangoni. Mesodi akamkumbatia, akamtia mdomoni biskuti ya ufuta, akamgeuza akamrudisha njiani. Mtu atasamehewa vipi jambo ambalo hakuruhusiwa kulisema?

Saa tano na nusu wakatokea baba na mwanawe waliokuja kwenye kaburi la nyanya wa kijana huyo. Wakawa tisa. Ndipo Perla alipompigia Mordekai, mume wa binti yake.

"Njoo sasa hivi. Usioge, usinyoe, njoo."

Mordekai akaja mbio, akasimamisha gari, akafika kwenye uzio, na hapo akasita kama aliyekutana na ukuta.

"Ingia!" Perla akapaza sauti.

"Mama mkwe," Mordekai alisema taratibu, "mimi naitwa nani?"

"Mordekai, sasa na..." Perla akajipiga paji la uso. Mordekai Kohen. Kuhani, mwana wa kuhani. Ukoo wao haukanyagi makaburini, na yeye Perla ndiye aliyecheza kwa kelele kuliko wote siku binti yake alipoolewa katika ukoo huo.

Wanaume wakavunjika mbavu. "Mleteni karibu na waya," mmoja akashauri, "achungulie. Anayechungulia dirishani si huhesabiwa?"

"Dirisha si uzio."

"Uzio ni dirisha refu."

"Kabisheni vizuri," Perla alisema, machozi ya hasira yakimlenga. "Kabisheni mpaka jua lizame. Mesodi hana haraka."

Nyuma yake mtu alitua koleo. Alikuwa Yehezkel, mchimba makaburi, mzee mfupi mwenye vumbi hadi kwenye nyusi. "Mimi je?" aliuliza. "Au anayewazika hahesabiki?"

Hakuna aliyekuwa amemwona, ingawa alikuwa akifagia hatua kumi kutoka kwao asubuhi yote.

Wakajipanga mbele ya kaburi. Perla akavua viatu. "Nimemkosea Mwenyezi Mungu, Mungu wa Israeli, na Mesodi binti Freha," alianza, "kwa kuwa siku ile ya supu..."

"Inatosha, mama," yule baba aliyekuja na mwanawe akamkatiza kwa upole. "Usijiaibishe bure. Marehemu anajua."

"Lakini sijasema."

"Umesamehewa!" wakasema wote, kama watu wanaosukuma gari. "Umesamehewa! Umesamehewa!"

Mara tatu, kama inavyopasa. Kila mmoja akaweka kijiwe juu ya kaburi, akamtakia mfungo mwema, na kabla Perla hajavaa kiatu cha pili magari yalikuwa yakitimua vumbi. Mordekai akabaki ng'ambo ya uzio, akimsubiri.

Perla akakaa chini. Alingoja wepesi ushuke kifuani. Haukushuka. Badala yake ikapanda hasira, ile ile ya simu kumi na mbili: hata kaburini watu walikuwa wakimkatia maneno.

"Mbona hujaenda?" Yehezkel aliuliza.

"Hawakunisikiliza."

"Basi niambie mimi. Sina kuku jikoni."

Akamwambia yote: kijiko, sufuria, zamu, Turjeman. Mzee alisikiliza akiegemea koleo, asimwonee huruma wala asimkemee. Alipomaliza, akauliza neno moja tu.

"Huyo Turjeman amelala safu ipi?"

"Yu hai. Yuko nyumbani kwake."

"Na mpaka leo anaamini kilikuwa kijiko cha Mesodi."

Perla akavaa kiatu cha pili.

"Mimi nawajua hawa," Yehezkel alisema, akizungusha mkono juu ya makaburi. "Hawana la kusahihisha." Akachukua koleo lake akaenda zake.

Ndani ya gari la Mordekai, Perla akatafuta namba. Simu iliita sana.

"Perla Dadon! Nimekusamehe, dada yangu, nimekusamehe, na wewe..."

"Mzee Turjeman, usikate. Sikuombi msamaha."

"Unataka nini basi? Naingia kuoga kabla ya mfungo."

"Mesodi Elharar. Wa jikoni. Uliyemfukuza."

Mzee akauliza: "Mesodi yupi?"

Perla akafumba macho. Kumbe hata hilo. Miaka kumi na miwili yeye analibeba, na aliyetoa hukumu amelidondosha njiani. Ili aifute aibu ya Mesodi ingembidi kwanza aichore upya, mstari kwa mstari, jina kwa jina, na safari hii jina lingekuwa lake.

"Perla? Maji yanapoa."

"Yaache yapoe," alisema. "Kulikuwa na sufuria ya supu ya nyama. Kaa chini, mzee, nikueleze."