Kura Sita za Mwanangu

Mimi si skauti. Niliolewa tu na mmoja, na hilo lilinitosha. Mume wangu ni fundi kufuli. Ana kibanda nyuma ya posta, meza moja, mashine ya kuchonga funguo, na ubao uliojaa funguo ambazo bado hazijapata mlango. Siku za kazi anaitwa Fundi. Jumamosi anavaa kaptula ya kaki, miguu yake myembamba nje nje, filimbi shingoni, na mtaa mzima unamwita Bwana Filimbi. Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikazoea, kama mtu anavyozoea wifi mkorofi.

Aliingia huko kwa bahati. Miaka ishirini na miwili iliyopita aliitwa kukata kufuli la stoo ya shule ya msingi. Mwalimu aliyekuwa akiongoza skauti alikuwa amehamishwa, akaondoka na ufunguo mfukoni, na watoto wapatao thelathini walikuwa wamejipanga ukutani na sare zao wakimsubiri mtu asiyekuja. Mume wangu akafungua stoo, watoto wakatoa mahema, akawashikia kamba moja, kisha ya pili. Akarudi nyumbani na matope hadi magotini, akasema, "Wiki ijayo nitapita tena kidogo tu." Hicho kidogo hakijaisha mpaka leo.

Baadaye wakampeleka kwenye mafunzo ya viongozi wa kujitolea. Siku nane kambini, watu wazima na vitambi vyao wakilala kwenye mahema na kujipikia uji wa kuungua. Alirudi na skafu mpya, vipande viwili vya mbao kwenye uzi wa ngozi, alama yao ya kuhitimu, na daftari. Ndani ya daftari aliandika mengi, ila mstari mmoja aliupigia wino mara mbili: mtoto wa kiongozi asipendelewe. Sasa huyu ni mtu wa kufuli. Kwake jambo ama linaingia ama haliingii, hakuna la kusukuma kidogo. Nasi tulikuwa tumejaliwa mtoto mmoja tu, wa kiume, naye alikuwa akihesabu miezi ya kufikisha umri wa kujiunga.

Alijiunga akiwa na miaka kumi na mmoja, na hapo ndipo nilipoujua ule msemo kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Wenzake wakikosea fundo walielekezwa kwa upole. Yeye aliambiwa afungue, aanze upya. Hema lenye tundu lilikuwa lake. Mtihani wa huduma ya kwanza alirudishwa mara tatu, na mara ya kwanza alikuwa amefaulu, nilimwona mwenyewe akinifunga bendeji hapa sebuleni, mkono ukatulia vizuri. Nikilalamika naambiwa, "Watu watasema." Watu gani? Hakuna aliyekuwa amefungua mdomo. Wazee wana msemo kuhusu kuchamba kwingi. Mwisho wake siutaji, mnaujua.

Mtoto hakulalamika. Alimpenda baba yake kwa namna iliyokuwa ikinitia wivu. Jumamosi alitembea nyuma yake hatua mbili, kwa sababu kwenye sare hakuruhusiwa kumwita Baba, na alikuwa akiipiga pasi kaptula ya baba yake kabla ya kuipiga yake.

Alipokuwa na miaka kumi na mitatu, kikundi chake kikapiga kura. Ndivyo wanavyofanya: watoto wanane kwa kila kikundi, nao wanamchagua kiongozi wao wenyewe kwa vikaratasi, mtu mzima anahesabu tu. Mume wangu alihesabu peke yake ndani ya stoo. Akatoka, akalitaja jina la mtoto mwingine, wakapiga makofi.

Ila watoto si wajinga. Njiani waliulizana, wakahesabu kwa vidole. Sita walikuwa wamemwandika mwanangu. Akaja nyumbani, akasimama pale mlangoni na skafu yake, akamuuliza baba yake kwa adabu kabisa kura zake zilikuwa ngapi. Mume wangu alikuwa akinawa mikono. Akasema, "Matokeo nimeshatangaza." Mtoto akanitazama mimi. Nami nilijua, jamani. Niliona shingo ya mume wangu imekakamaa, nikajua kila kitu. Nikasema, "Usimhoji baba yako. Njoo ule."

Jumamosi iliyofuata aliikunja sare, akaiweka juu ya kabati, akasema skauti imemchosha. Hakugomba na mtu. Alimjibu baba yake alipoulizwa, akampisha mlangoni, akamaliza shule, na akiwa na miaka kumi na tisa akaenda mji wa mbali, safari ya siku mbili, kujifunza ufundi wa lifti. Hunipigia simu kila Jumapili saa tano. Ananiuliza mgongo, ananiuliza majirani. Kisha anasema, "Msalimie Mzee." Miaka kumi na moja ya "msalimie Mzee."

Mume wangu naye akapanda cheo, akawa mkufunzi; sasa ndiye anayewafundisha watu wazima kuongoza watoto. Mwezi wa pili mwaka huu alikuwa na mafunzo palepale shuleni, akasahau miwani nyumbani, nikampelekea. Nilimkuta darasani mbele ya watu ishirini waliobanana kwenye madawati ya watoto. Somo lilikuwa lile lile, mtoto wako akiwa kikosini. Kwenye dawati la mbele kulikuwa na muuguzi wa zahanati yetu, na huyo muuguzi ndiye yule mtoto aliyetangazwa mshindi siku ile, sasa mtu mzima, amekuja kusomea uongozi. Akanyoosha mkono, hana hila hata kidogo. "Kiongozi, wewe na mwanao mlifanyaje? Maana sisi hatukuwahi kuona upendeleo."

Jibu alikuwa nalo, nimelisikia mara nyingi akilifanyia mazoezi bafuni. Lakini alinitazama mimi pale mlangoni nimeshika miwani, na sijui aliona nini usoni kwangu. Akasema, "Nilimwibia. Alipata kura sita, wewe ulipata mbili. Nilikutangaza wewe ili watu wasiniseme."

Muuguzi akasimama taratibu. "Kiongozi, tulijua zilikuwa sita. Tulitaka kuja kukuuliza, mwanao akatukataza. Alituambia ni yeye aliyekuomba unipe mimi, eti hapendi makelele ya uongozi. Akasema tukikuuliza utaona aibu bure. Tukamwamini."

Mume wangu akakaa juu ya meza ya mwalimu. Kumbe miaka yote hiyo sifa yake ya haki, ile inayofanya wazazi wamkabidhi watoto bila wasiwasi, ilisimama juu ya uongo wa mtoto wa miaka kumi na mitatu ambaye hakuwa na sababu ya kumfichia aibu. Alimfichia tu. Nililia mbele za watu, nikiwa na miwani yake mkononi, na sehemu ya machozi hayo ilikuwa yangu mwenyewe, kwa ile "njoo ule."

Jumapili simu ilipoita nilipokea kama kawaida. Mume wangu alikuwa amekaa mbele yangu tangu saa tatu, amenyoa ndevu. Mgongo, nikasema, haujambo. Kisha nikasema, "Baba yako yupo hapa. Ana neno na wewe."

Nikasikia mashine zikivuma huko aliko. Halafu akasema, "Mpe."

Nikampa. Aliishika simu kwa mikono miwili. Akafungua mdomo, akaufunga. Machozi yalikuwa yakishuka, kichwa akikitikisa kukubali, kana kwamba mtu wa upande wa pili anaona. Nikamfinya goti. Nikamwambia kwa midomo, sema, sema hata jina lake. Mwanangu alisubiri, simu ilihesabu dakika nzima na zaidi, na huko alichosikia ni pumzi tu, ambayo yeye angeijuaje ni ya kilio.

Nikainyakua. "Mwanangu, ngoja kidogo."

"Basi, Mama," akasema. Sauti haikuwa na hasira, na ingekuwa na hasira ningepata pa kushika. "Mimi nimejaribu." Akakata. Nilipompigia tena, simu ilikuwa imezimwa.

Hapo ndipo maneno yalipomjia mume wangu. Yalikuja yote, kura, stoo, bendeji, hema lenye tundu, nisamehe mwanangu, nisamehe, bila hata kukwama. Alimaliza kila kitu. Aliyekuwepo kuyasikia nilikuwa mimi.