Sufuria Niliyoitia Vumbi la Kikombe

Naona aibu hata kuisimulia hii, lakini mkiisikia kwa Mama Atieno mtaisikia vibaya zaidi, kwa hivyo bora niseme mwenyewe.

Ilikuwa ile Januari ya 2008, baada ya kura kuleta vita kati ya majirani, tukiwa ndio tumeanza kuchungulia nje. Kanisa moja hapa mtaani Kambi Muru likaamua watu wa pande zote wale githeri pamoja, mahindi na maharagwe ya sufuria moja, na sufuria yao kubwa ilikuwa imetoboka. Fundi ni mimi, Mutua. Ningepiga misumari miwili ya ribiti nikamaliza, lakini nilikuwa nimemwona injinia mmoja akiunganisha alumini bila kuiyeyusha (unazungusha chuma butu kwa kasi huku unakandamiza, alumini inalegea kama ugali, unaikoroga na vumbi la kauri, ikipoa inakuwa ngumu ajabu), nami nikajiona siwezi kupitwa. Nikasaga kikombe cha chai kikawa vumbi, nikaweka kipande cha alumini juu ya tundu, nikafunga chuma kwenye drili ya stendi, nikakoroga. Kiraka hakikuvuja hata tone. Mama Atieno, mpishi, alipotaka kukisugua nikamkataza, "Utaniharibia finishing, mathe."

Siku ya kula, mzee wa kwanza akatafuna, krrr. Wa pili, krrr. Vumbi ambalo halikushika lilikuwa limebaki juu ya kiraka, na mwiko ulikuwa umelikwangua lote. Mtu akasema, "Wametuwekea glasi," sahani zikawekwa chini, macho yote yakamgeukia Mama Atieno, na vijana wawili wakainama kuokota mawe.

Niliogopa, sitawadanganya. Nikapanda benchi.

"Ni kikombe," nikasema. "Nilikisaga mimi, nikakitia kwa sufuria."

"Kwa nini?" pasta akauliza.

"Ndio iwe ngumu."

Kisha mama mmoja huko nyuma akasema, "Huyu si mbaya, huyu ni mjinga tu," na wakacheka, pande zote mbili, mpaka wale vijana wakaangusha mawe wajishike mbavu.

Githeri ikamwagwa, tukalala njaa. Wiki hiyo wakubwa wote wa siasa walikuwa kwa redio wakisema si wao walioleta vita. Aliyekubali kosa ni mimi peke yangu, na ndimi niliyepewa jina, Kikombe, mpaka leo. Siku hizi sirudishi sufuria ya mtu kabla sijapika uji ndani yake na kuunywa mwenyewe, polepole, nikisikiliza meno.