Habari za Nyumbani Kando ya Kitanda cha Mwisho

Hospitali yetu ya Butembo ilikuwa na sheria: mume na mke wasifanye zamu moja. Wakubwa walisema watafichiana makosa, kana kwamba mke ndiye mtu wa kumfichia mumewe makosa. Mume wangu akapewa usiku, mimi mchana. Kwa miaka mingi tulionana vizuri asubuhi tu, maana jioni nilikimbilia mtoto nyumbani; ni asubuhi, wakati wa kupokezana kazi, aliponipitisha kitanda kwa kitanda akinieleza nani amelala na nani bado ana homa. Kwenye kitanda cha mwisho alininong'oneza, "Na kwetu?" nami nikamweleza ya nyumbani haraka haraka kabla hajavua koti. Wauguzi wenzetu walitutania kwamba tunachumbiana kwa zamu. Niliwaacha wacheke, maana nilikuwa naamka na hamu ya dakika zile.

Akaja mkurugenzi mpya, daktari kutoka Kasai, ambaye mke wake alikuwa amebaki huko. Kwake sheria hiyo haikutosha: mmoja wetu aende kituo cha afya cha Musienene. Nilimwambia wazi kwamba kila mmoja aliajiriwa kwa diploma yake, hatukupewa kazi kwa sababu ya ndoa, basi isiwe sababu ya kututenganisha. Akajibu kwamba atakuja kwanza kutazama tunavyofanya kazi, kisha ataamua.

Alikuja asubuhi ya pili. Tulikuwa tumepatana kusema habari za wagonjwa tu, na vitanda vyote vilikwenda sawa. Lakini mazoea yana taabu. Tulipofika mwisho, mume wangu, macho mazito kwa usingizi, akaniuliza kwa sauti, "Na kwetu?"

Nami, mjinga mwenzake, nikajibu, "Jino ya mutoto ilitoka, na maharagi iliungua."

Nilitamani ardhi inimeze. Kabla mkurugenzi hajasema neno, mama mmoja aliyekuwa amelazwa wodini mwetu tangu wiki iliyopita akajiinua kwenye mto.

"Na ile kuku ya kupotea, ilirudia?"

Wodi nzima ikanigeuzia vichwa kungoja jibu. Kumbe walikuwa wanatufuata kila asubuhi kama redio! Nikamwambia kuku alirudi, na wagonjwa wawili watatu wakashukuru Mungu.

Mkurugenzi akanigeukia. Akaniuliza polepole kama mtoto alilia jino lilipotoka. Nikasema alilia kidogo. Akaitikia kwa kichwa, akatazama dirishani.

"Bon," akasema. "Mutabaki hapa bote. Lakini zamu moja, hapana."

Tulibaki, na furaha ya siku ile naisikia mpaka leo. Sasa mume wangu amestaafu, nami pia. Tunashinda pamoja kutwa, hakuna wa kutuzuia, na tunaweza kula mpaka sahani zikawa tupu bila yeye kuniuliza kitu. Ni mume mwema, sina la kumlaumu. Lakini namwonea wivu yule mwanamke niliyekuwa, aliyekuwa na dakika chache tu, na mtu aliyezisubiri usiku kucha.