Bangi Ndani ya Kabati la Harusi

Mume wangu alipoacha kula, mimi ndiye niliyepanda bangi. Nalisema mapema ili asije akasingiziwa yeye, maana alikuwa kitandani na hakuombwa hata ushauri. Alikuwa na saratani ya tumbo, na dawa za hospitali zilimwondolea hamu ya kila kitu: wali, uji, hata machungwa ya Muheza aliyoyapenda maisha yake yote. Kijiko kimoja kikiingia, hakikai. Alinyauka mbele ya macho yangu, na mimi si mtu wa kukaa nikashika tama.

Wenzangu waliouguza walikuwa wakinong'ona kwamba bangi hurudisha njaa. Mbegu nilizipata pale nilipozipata. Uani nisingethubutu, kwani nyumba yetu hapa Raskazone ukuta wake ni mfupi na wapita njia hawana haya. Basi nikatoa nguo zangu zote kwenye kabati la harusi, lile kubwa la mninga lililoko chumbani kwetu, nikaingiza ndoo ya udongo na taa.

Mume wangu alinitazama kutoka kitandani mpaka nikamaliza.

"Hajati mzima," akasema. "Umerudi Makka kuja kulima bangi?"

"Wewe kula, nami nitaacha kulima."

Lakini mmea ulipochipua, yeye ndiye aliyeuliza habari zake kila asubuhi kabla hata sijamwamkia. Nilikuwa namfungulia kabati aone. Sisi tuliojaliwa kila kitu ila mtoto, tukajikuta tunagombana kama jani lile limenyooka au limelegea. Nilifurahi, sifichi. Chumba kile kilikuwa kimekaa miezi bila jambo la kungojewa ila kifo.

Ukafika wakati wa kutoa maua. Mmea ule ukifika hapo hutaka giza refu, kwa hiyo magharibi ikiingia nilizima taa, nikafunga kabati na kuziba nyufa kwa kanga kuukuu. Tulikaa na kurunzi ya simu chini ya mto, tukizungumza kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mtu amelala. Maua yenyewe hayakuwa na uzuri wowote: vifundo vya kijani vyenye vinyweleo vyeupe, vinavyonata vidoleni. Mume wangu aliyaona mazuri. Mimi nilihesabu yamebakisha wiki moja hivi yakomae.

Ila harufu! Harufu ilitoka kabatini, ikapita mlangoni, ikatafuta dirisha. Nikafanya jambo ambalo mwanamke yeyote wa pwani angelifanya: nikachoma udi. Kila jioni nilijaza chetezo makaa, nikafukiza chumba kizima mpaka macho yakawasha. Nilijiona mjanja kweli kweli. Nilichosahau ni kwamba kwetu udi wa chumbani, jioni baada ya jioni, katika nyumba ya mke na mume, ni tangazo.

Jirani yangu, mjane mwenye mdomo usiolala, alibisha hodi na bakuli lililofunikwa.

"Mwenzangu, twanusa sie," akasema, akinikonyeza. "Mgonjwa kapona, eti? Nimemletea supu ya pweza. Mpe anywe, asije akakutia aibu."

Niliipokea supu, uso ukiniwaka, nikaenda kumsimulia mume wangu. Alicheka mpaka akashika tumbo. Halafu akasema hebu aipime chumvi, nami nikampa. Akanywa kijiko, akanywa cha pili. Ilikaa. Nilitoka nikaenda jikoni nikalia, na fadhila ya pweza yule sijamlipa jirani mpaka leo.

Siku ya pili nilikwenda sokoni kutafuta pweza mwingine. Niliporudi nilimkuta mume wangu chini sakafuni, yeye ambaye nilimshikilia hata kwenda msalani, na kisu changu cha jikoni mapajani. Mmea wote ulikuwa umekatwakatwa na kuzamishwa kwenye beseni la maji na majivu. Maua na yote.

Nilipiga kelele. Nilimwambia amejiua kwa mkono wake, amenidharau, hana shukrani. Alingoja nimalize, kama alivyoningoja katika ndoa yetu nzima.

"Yule bibi jana kanusa udi," akasema. "Kesho atanusa kilicho chini ya udi."

"Na wanikamate! Bora nifungwe, wewe ule."

"Mie nnakwenda, mke wangu, upande usipande. Nikifa uko ndani, n'nani atanikalia eda? Mahabusu hakukaliwi eda."

Niliketi sakafuni pale pale, nikamwondolea kisu, nikamwegemeza begani kwangu. Alikuwa mwepesi mno. Tulikaa hivyo mpaka adhana ya adhuhuri.

Supu aliendelea kuinywa kidogo kidogo, siku anazoweza. Alifariki kabla ya Ramadhani, mkono wake mkononi mwangu. Nilimkalia eda yake yote humo chumbani mwetu. Waliokuja kunipa pole walinisifu kwamba nilimtunza mume wangu. Niliwajibu kuwa yeye ndiye aliyenitunza mimi, wakadhani ni maneno ya msiba.