Kitabu Kisichosalimia

Baba yangu hakuwa na subira na vitabu visivyo na adabu. Macho yalipofifia kwa mtoto wa jicho, nilianza kumsomea riwaya kila nikirudi nyumbani, karibu na Songwa, na kila mara alinikatiza kabla sijamaliza sentensi ya kwanza.

"Huyu mwandishi mtoto wa nani? Mbona anaingia kwa watu bila salamu?"

Mimi, mwalimu wa fasihi, huwahubiria wanafunzi kwamba mwanzo mzuri humkaba msomaji koo. Kwa baba, kumkaba mtu koo mlangoni ni ujambazi. Kwetu mgeni huulizwa kwanza atokako, mvua, ng'ombe na watoto, ndipo aeleze lililomleta. Basi nikawa natunga salamu mwenyewe, kwa niaba ya kitabu. "Mwangaluka, baba. Natokea Masumbwe, mvua hafifu, mifugo haijambo." Hapo hujibu kwa lugha ya kwetu, "Mhola, karibu," akaegemea kiti. Siku za mwanzo nilicheka sana.

Kicheko kiliisha mdogo wangu alipokwenda Kharumwa kuchimba dhahabu. Duara, shimo walimochimba, liliporomoka likawafukia, na mwili wake haukupatikana. Wenzake walionusurika walipokuja kutoa habari, mimi nilikuwa mjini Shinyanga. Niliambiwa tu kwamba baba aliwasikiliza, akawashukuru, akakataa katakata kuweka matanga. Eti hamlilii mtu ambaye hakuuona mwili wake. Mama akabaki kulia jikoni peke yake, kwa kujificha, kama anaiba. Iliniuma, na baba nilimkasirikia hasa.

Likizo iliyofuata nilikuja na riwaya kuukuu niliyoiokota sokoni, haina hata jalada. Safari ilikuwa imenichosha. Nikasahau salamu, nikasoma moja kwa moja: mzee mmoja alikuwa akikamua ng'ombe walipomletea habari kwamba mwanawe amekufa.

Nikaishia hapo. Ningejua inaanza hivyo nisingeigusa.

"Akaacha kukamua?" baba aliuliza.

"Sijui, baba. Sijafika huko."

"Soma, mama," aliniambia.

Nikasoma. Mzee yule aliinuka, ndoo ikapinduka, akapiga yowe hadi majirani wakaja mbio.

Baba aliweka mikono magotini.

"Mimi sikuacha," alisema. "Walisema wakamaliza, mimi nakamua tu. Ndoo ilipojaa nikawapa wanywe, nikawauliza habari za mvua ya huko kwao."

Akajifuta macho kwa kiganja. Sikuwahi kumwona baba akilia.

"Mwite mama yako aje," alisema. "Tumlilie mtoto wetu."